Mdhamini wa Maren

Two Harbors, Minnesota
29 Machi 2012

Mjomba Arvid,

Habari za majini. Huku sisi wazima, isipokuwa Mama ana kikohozi na anakwenda nacho kazini. Meli yenu iling'oa nanga barafu ikiwa bado pembeni mwa bandari, na siku chache baadaye bahasha yangu ikaja. Mama aliipima mkononi kabla sijaifungua, akasema, "Wakikukataa huwa hawana maneno mengi. Hii ina uzito."

Nimekubaliwa Wexcombe, Mjomba. Ni kile chuo cha Ohio nilichokuonyesha picha zake Krismasi, ukasema jengo lake kubwa linafanana na kanisa lililomeza makanisa mengine. Nitasoma jiolojia. Darasa lao ni la watu wanane tu, na kila kiangazi walimu huwapeleka milimani, wakati mwingine mpaka Aislandi.

Sasa shida, maana barua ndefu ya mpwa haiji bure. Chuo kimenipunguzia karibu nusu ya ada. Serikali itanikopesha kidogo. Kinachobaki kinatoka benki, na kwa miaka yote minne kinafika kama dola elfu tisini. Benki inataka mdhamini. Mama alikwenda kuomba, wakamkataa kwa sababu ya ile nyumba tuliyonyang'anywa Baba alipotuacha. Alitoka pale akapitia dukani kununua maziwa kama vile hakuna lililotokea, kisha akayasahau garini mpaka yakaganda.

Umebaki wewe. Wanataka jibu kabla ya tarehe mosi Mei. Ningekupigia, lakini tangu simu yako izame ziwani naona umefurahi kuikosa.

Mpwa wako,
Maren


Mto Detroit, melini
7 Aprili 2012

Maren,

Barua yako imepandishwa leo kwa ndoo kutoka mashua ya posta, pamoja na magazeti ya nahodha na dawa ya miguu ya fundi mkuu. Hongera. Nilikuwa jikoni nikiisoma, vitunguu vikaungua, na watu ishirini na wawili wamekula vitunguu vyeusi. Nimewaambia ni mapishi ya Kifini. Wamekubali, kwa kuwa hakuna Mfini mwingine humu wa kunikanusha.

Usitie sahihi popote kwanza. Nina swali moja. Kuna nini Wexcombe ambacho hakipo kwenye vyuo vya Duluth, nusu saa kwa gari kutoka mlangoni kwenu? Nijibu kama unavyozungumza nami. Usinijibu kama ulivyowaandikia wao.

Sijasema hapana.

Mjomba wako,
Arvid


Two Harbors
13 Aprili 2012

Mjomba,

Kwa kweli swali lako limenichoma. Nilidhani utafurahi kwanza, uulize baadaye.

Lakini umeuliza, nami nakujibu. Sijui kama Duluth hakuna. Ninachojua ni kwamba tangu nikiwa mdogo kila kitu changu kimekuwa kile kilichopatikana karibu. Viatu vya binamu. Baiskeli ya jirani. Hata shule, tumesomea vitabu ambavyo waliovitumia kabla yetu sasa wana watoto. Wexcombe ni mara ya kwanza mtu wa mbali, asiyemjua Mama wala wewe, amesoma nilichoandika akasema, "Huyu tunamtaka." Nilitaka kwenda mahali ninapotakiwa. Basi, hilo tu. Ukiona ni upuuzi, useme.

Mama anasema nisikusumbue. Anasema, "Mjomba wako akikaa kimya anafikiri." Mimi naona akikaa kimya hata Mungu hajui anafanya nini.

Zimebaki wiki mbili na siku kidogo.

Maren


Conneaut, Ohio
25 Aprili 2012

Mpwa wangu,

Usinune. Mama yako yuko sawa, nilikuwa nafikiri. Sasa nimemaliza.

Meli imekwama hapa Conneaut. Mkono wa kushushia madini umevunjika, na mafundi wakasema siku mbili. Nikamwomba nahodha ruhusa. "Unakwenda wapi?" akaniuliza. Nikamwambia, "Kuna kitu nataka kukitazama kabla sijakinunua." Alidhani ni gari.

Nimepanda mabasi mawili, nikatembea kipande, nikafika Wexcombe jana karibu na mchana. Mlinzi getini aliniona na koti langu akasema mboga hushushwa mlango wa nyuma. Nikapita huo huo wa nyuma, ndiyo njia ninayoielewa. Hivyo nikaingilia jikoni. Supu yao, Maren, ni maji yaliyowahi kusikia habari za kuku. Utahitaji kufunga chakula kutoka nyumbani.

Aliyekuwa akigawa chakula ni msichana mwanafunzi, anaitwa Lorna, anafanya kazi pale kupunguza ada. Nikamuuliza wazi, "Binti, mkopo unao?" Akacheka. "Nani hana?" Nikamuuliza kama chuo kinafaa hizo pesa. Akasema, "Inategemea umeniuliza siku gani."

"Leo je?"

"Leo ni Jumanne, nina somo la Profesa Amsel. Jumanne kinafaa."

Basi nikamfuata. Profesa ni mzee mfupi mwenye vumbi la chaki hadi masikioni. Lorna akamnong'oneza, naye akanivutia kiti wala hakuniuliza mimi ni nani. Akaweka mezani jiwe kubwa kama mkate, na wale vijana wakabishana juu yake saa nzima. Hakuna aliyesinzia. Kijana mmoja alikosea vibaya sana, na mzee akamwambia, "Vizuri, endelea kukosea hapo hapo, unakaribia." Sijawahi kuwa na mwalimu wa namna hiyo. Wangu alitumia rula.

Kiti kimoja kilikuwa kitupu, mwenyewe alikuwa na mafua. Nikakutazama umekikalia. Nilikuona kabisa, na nywele zako hujazichana.

Nitakudhamini. Nilipiga simu kwenu kutoka kituo cha basi, ikalia mpaka ikachoka. Kwa hiyo nakuandikia. Waambie ndiyo. Ulisema unataka kwenda unakotakiwa. Nimekwenda kuwaona hao wanaokutaka, na si watu wabaya.

Mjomba wako,
Arvid


Two Harbors
30 Aprili 2012

Mjomba Arvid,

Zaidi ya wiki mbili sijapata neno lako. Kesho ndiyo siku ya mwisho. Kimya chako nimekielewa, na nakuambia kwa moyo mweupe kwamba sikulaumu.

Nikueleze kilichotokea. Unamfahamu Bi Dagny Oftedahl, mzee wa kaunta pale dukani ninapofanya kazi baada ya shule. Ana miaka sabini na minne. Ijumaa miguu yake ilivimba, nikamletea kasha akalie, nikamuuliza kwa nini hastaafu. Nilidhani anapenda kuwa na watu.

Akasema, "Mjukuu wangu alisoma chuo mwaka mmoja na nusu. Mimi ndiye ninayemalizia."

Alimdhamini. Kijana si mbaya, Mjomba. Aliugua, akavunjika moyo, akaacha, na sasa anaezeka mapaa huko Fargo na anachopata hakitoshi kula na kulipa. Benki ikageuka ikamtazama bibi. "Ananipigia kila Jumapili," Bi Dagny akaniambia. "Tunazungumza hali ya hewa. Hilo lingine hatulitaji." Kisha mteja akaja, naye Bi Dagny akainuka kumhudumia.

Nilirudi nyumbani nikasoma zile karatasi, yale maandishi madogo ya nyuma. Nikifa, deni linabaki kwako. Ukifa wewe, benki inaweza kunidai lote siku hiyo hiyo. Na ile nyumba ya Bibi, mama yako, iko kwa jina lako, nayo wanaweza kuichukua.

Leo asubuhi nimewaandikia Wexcombe kuwa siji. Mama alisimama nyuma yangu wakati naandika, akanisugua mgongo kama mtu anayesafisha dirisha.

Maren


Melini, Ziwa Huron
11 Mei 2012

Maren,

Barua yako ya tarehe thelathini imenikuta leo. Yangu bila shaka imekufikia ukiwa umeshakataa.

Nina miaka hamsini na minane. Sina mke, sina mtoto. Miaka thelathini na moja nawapikia watu wazima ambao wakishuka bandarini hawakumbuki jina langu la pili. Kulikuwa na kitu kimoja nilitaka kukifanya, nikakiendea kwa mabasi mawili nikiwa na koti la jikoni, na wewe umekikataa kabla sijamaliza kukitoa mfukoni.

Bi Dagny namhurumia. Lakini mimi si Bi Dagny, na wewe si mjukuu wake. Ungeningoja.

A. Niskala


Two Harbors
21 Mei 2012

Mjomba wangu,

Ulivyotia sahihi kama unamwandikia karani wa kodi, nimeona.

Unastahili ukweli wote. Barua yako ya Conneaut ilifika Alhamisi tarehe tatu. Nimeisoma mara nyingi kiasi kwamba Mama sasa anajua lile la supu kwa kichwa. Mara ya kwanza nilikaa sakafuni. Halafu nikawapigia Wexcombe. Mama mmoja wa ofisi ya kupokea wanafunzi akaniambia, "Kiti chako hatujampa mtu. Tunaweza kukungoja mpaka Jumatatu." Kwa hiyo usidhani ulichelewa. Hukuchelewa. Nilikuwa na ndiyo yako mkononi na kiti kikiningoja, siku nne nzima.

Nilipokataa mara ya kwanza, nilikataa nikidhani hutaki. Hiyo ilikuwa rahisi, nilikuwa na hasira kidogo ya kunisaidia. Mara ya pili nilikataa kwa sababu nilijua unataka. Nilijua ningekwama ungelipa wala usingenitajia, na ungeendelea kupanda ngazi za meli na hayo magoti yako mabovu mpaka umri wa Bi Dagny. Ningekaa darasani kwa Profesa Amsel nikiyasikia magoti yako. Nimelia sana, Mjomba, sikufichi. Nilikitaka kile kiti. Ulivyokieleza ndiyo nikakitaka zaidi.

Samahani kwa kuamini kwamba kimya chako ni hapana. Hakuna mtu aliyewahi kupanda basi kwa ajili yangu hivyo. Nikifikiri ulivyoingilia mlango wa mboga kwenda kunitafutia kiti, nashindwa kumaliza chakula.

Septemba nitaanza chuo cha umma cha Duluth, kile cha miaka miwili, kisha nihamie chuo kikuu cha jimbo hapo hapo mjini. Nitalala nyumbani. Nitakopa kidogo kwa jina langu mwenyewe, bila mdhamini.

Lakini kuna kitu nakiomba, na hiki sikikatai. Pikapu yako inalala gereji tangu Machi hadi Januari, ukiwa majini. Basi la asubuhi halinifikishi kwa wakati. Unaniazima?

Mpwa wako anayekupenda,
Maren


Bandari ya Silver Bay, melini
4 Juni 2012

Maren,

Bado nimeudhika. Mimi naudhika polepole na kupoa polepole, kama jiko la makaa.

Ufunguo uko ndani ya kopo la kahawa, rafu ya juu. Soma vizuri. Gari hilo lina tabia za marehemu babu yako: asubuhi ya baridi usilisemeshe, liache lingurume lenyewe dakika kadhaa. Klachi ikanyage mpaka mwisho. Mlango wa abiria unafunguka kwa ndani tu, kwa hiyo usiwabebe watu unaotaka kuwavutia. Mafuta nitalipa mimi. Nimeshaongea na Wally wa kituo cha mafuta, ataandika kwa jina langu, na ukienda kumlipa mwenyewe atakufukuza, ndivyo tulivyokubaliana.

Hili usinikatalie.

Mjomba wako,
Arvid


Duluth
12 Oktoba 2014

Mjomba,

Mwezi wa pili chuo kikuu. Nimepata kazi ya kupanga sampuli katika stoo ya mawe, vumbi tupu, naipenda.

Nikwambie jambo ambalo Mama sijamwambia. Jumamosi tulikwenda kuchora ramani ya miamba upande wa Michigan, na huko tukakuta wanafunzi wa vyuo vingine. Wanne walikuwa wa Wexcombe, rika langu hasa. Walikuwa wazuri, Mjomba, wananizidi. Wanatazama mwamba na kusema mambo ambayo mimi huyafikia baada ya kufungua kitabu. Mmoja akasimulia Aislandi, jinsi ardhi ilivyokuwa ya moto chini ya viatu. Nilikwenda nikakaa ndani ya basi nikajifanya natafuta glavu.

Sijutii. Ila siku nyingine inaniuma, na nimeona nikuambie wewe, maana ni wewe peke yako kati yetu uliyeingia kule Wexcombe.

Maren


Marquette, Michigan
19 Novemba 2014

Mpwa wangu,

Kwanza mimi ni mzima. Ya pili, niko hospitali. Soma kwa mpangilio huo.

Nilianguka jikoni Alhamisi, nikipika supu ya njegere. Fundi mkuu alinikandamiza kifua kama walivyofundishwa, na meli ikageuza kuja Marquette. Moyo. Wameniwekea kitu ndani. Mama yako amefika jana, anawapangia wauguzi kazi.

Lakini nakuandikia kuhusu daktari. Ni binti mdogo, labda anakuzidi miaka kumi. Aliketi kitandani kwangu akasema, "Bwana Niskala, melini hurudi tena." Nikaanza kubisha. Akaningoja nimalize, halafu akaniuliza, "Kuna mtu unamlipia? Mkopo, nyumba, chochote?"

Nikasema hakuna.

Akasema wengi wanaolala kitanda hiki humjibu tofauti. Wanatoka hapa, baada ya wiki mbili wanarudi kazini kwa sababu lazima, na baadaye yeye ndiye anayewapigia simu wake zao. "Wewe unaweza kukaa nyumbani," akaniambia. "Una bahati."

Nikamwambia, "Si bahati. Ni mpwa wangu."

Hakuelewa. Nilitazama dirishani mpaka akatoka. Miaka miwili na nusu nilikuwa nimebeba kinyongo, Maren. Kidogo tu, kimekunjwa vizuri, lakini nilikuwa nacho. Nilidhani umeninyima. Leo ningekuwa nimelala hapa nikipiga hesabu ya lini nirudi kwenye zile ngazi. Badala yake nimelala nikifikiria nitafanya nini na asubuhi zangu.

Asante. Ni neno dogo na nimechelewa nalo.

Kuhusu Aislandi sina la kukuambia. Ni kweli ulikosa. Wale vijana niliwaona, najua ulichokosa. Usijifanye si kitu mbele yangu.

Mjomba wako,
Arvid


Elko, Nevada
5 Juni 2016

Mjomba wangu mpendwa,

Leo imekuwa zamu yangu kukuandikia kutoka mbali, nawe uko nyumbani ukisubiri posta. Nakuona umekaa barazani na Bi Dagny, mkimsema kila anayepita. Mwambie nimefurahi sana kusikia mjukuu wake amechukua nusu ya lile deni, na kwamba siku hizi Jumapili wanazungumza hata hilo.

Wiki ya kwanza kazini imekwisha. Tunatembea jangwani tangu alfajiri, tunachukua sampuli, tunaandika, tunarudi tumebadilika rangi. Shahada yangu iko ndani ya sanduku, kati ya soksi. Bado nadaiwa kiasi cha bei ya gari dogo lililotumika, na mshahara utalimaliza deni hilo kabla sijafika miaka thelathini nikiwa na adabu.

Chumba nalala na Odalys, msichana wa Teksasi aliyesoma chuo cha namna ya Wexcombe. Ni hodari kuliko mimi, na ananifundisha bila kujidai. Anadaiwa zaidi ya dola laki moja. Juzi kapigiwa simu, mama yake anafanyiwa upasuaji, na nikamwona anafungua kalenda, anaifunga, anaifungua. Hajamaliza miezi ya majaribio, na benki haitaki kusikia. Nikamuuliza kama angerudi nyuma angechagua vingine. "Walimu wangu nisingewaacha," akasema. "Ila ningependa kwenda kumwona mama yangu." Kesho namshikia zamu mbili ili apate siku za kwenda, na msimamizi amekubali.

Kwa hiyo watu wakiniuliza kama shahada inafaa deni lake, sina jibu la kumpa kila mtu. Yangu ilifaa kwa bei niliyoilipa. Sijui kama ingefaa kwa bei ambayo ungeilipa wewe.

Siku ya mahafali ulikaa na Mama mstari wa mbele, umevaa tai ya marehemu Babu, ukaniuliza kwa nini nakutazama wewe badala ya mgeni rasmi. Palikuwa na kelele, sikukujibu. Nakujibu sasa. Miaka minne mtihani ukinishinda, au pesa zikinipungua, au nikiona wengine wameniacha nyuma, nilikuwa najiambia kwamba kuna mtu alishakwenda kunitazamia kiti, akaniona nimekikalia, akasema ndiyo. Sikuitumia ile ndiyo yako benki hata siku moja. Nimeishi kwayo.

Asante, Mjomba. Kunywa dawa zako, na usimdanganye Mama kuwa umekunywa, ananiandikia kila kitu.

Mpwa wako,
Maren